Kupanua diski ya seva iliyoko mawinguni bila kupoteza mafaili yako



Wiki iliyopita mdau mmoja wa Ikwiriri aliuliza kwenye maoni: seva yake imejaa, ameona kwenye akaunti yake kuna sehemu ya kuongeza ukubwa wa diski, je akibonyeza mafaili yake yatapona? Nilimjibu kwa mistari miwili. Usiku nikawa najigeuza kitandani, nikaona jibu lile ni fupi mno na mtu anaweza kuumia nalo. Kwa hiyo leo naweka pembeni habari za siasa na bei ya mpunga, niwaeleze jambo hili kuanzia mwanzo. Ambao hamna seva vumilieni, au someni tu, maana hata picha za simu yako ukizihifadhi mtandaoni zinakaa kwenye diski za namna hii, ila anayezisimamia ni mtu mwingine.

Niseme mapema kwamba mimi si injinia. Nilimaliza kidato cha nne hapa Kibiti, kompyuta nimejifunzia kwenye duka la steshenari nikichapa barua za watu na kutoa kopi za vyeti. Ninachoandika ni kile nilichokifanya kwa mikono yangu, na kimoja nilikifanya vibaya sana, nitakisimulia.

DISKI YENYEWE IKO WAPI?

Ukikodi seva mawinguni hupewi kompyuta nzima. Unapewa kipande cha kompyuta kubwa iliyoko kwenye jengo fulani, na diski yake nayo si lile dude la chuma ulilozoea kuliona fundi akilichomoa. Ni eneo lililotengwa kwa ajili yako ndani ya diski nyingi za kweli, halafu seva yako inaonyeshwa eneo lile kana kwamba ni diski moja. Ndiyo maana inaitwa diski pepe. Amazon walianza kuuza diski za hivi mwaka 2008. Majengo makubwa ya wingu yaliyo upande wetu wa dunia yako Afrika Kusini: Microsoft walifungua mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town mwaka 2020, Google wakafuata Johannesburg mwaka 2024. Hapa nyumbani tuna kituo cha taifa cha data pale Kijitonyama, Dar es Salaam.

Sasa kwa kuwa ni eneo la kuandikiwa tu, linaweza kuongezwa bila mtu kufungua skrubu yoyote. Zamani ilibidi utoe nakala ya diski, utengeneze diski mpya kubwa zaidi, uzime seva, ubadilishe. Tangu Februari 2017 wateja wa Amazon wanaweza kupanua diski huku seva inaendelea na kazi. Wenzao nao wana vitufe vyao vya kupanua. Urahisi huu ndio unaoleta ajali. Mtu anabonyeza kitufe, anaambiwa imefanikiwa, anarudi kwenye seva anakuta nafasi ni ileile ya jana. Anachanganyikiwa, anaanza kugusa vitu asivyovijua.

Kumbe vitu ni vitatu, kimoja kikiwa ndani ya kingine. Chukulia ghala la korosho. Kwanza kuna kiwanja. Juu ya kiwanja kuna kuta za ghala. Ndani ya kuta kuna magunia yaliyopangwa, pamoja na daftari la mtunza ghala linalosema gunia la nani liko safu ya ngapi. Diski pepe ni kiwanja. Patisheni ni kuta. Mfumo wa mafaili, ambao kwenye Linux mara nyingi ni ext4 au XFS, ni mpangilio wa magunia na daftari lake. Kile kitufe cha kwenye akaunti kinaongeza kiwanja tu. Kuta zinabaki pale pale, na mtunza ghala hajui kama kuna eneo limeongezeka.

Ukiongeza, unaanzia nje kuja ndani: kiwanja, halafu kuta, halafu daftari. Ukipunguza unaanzia ndani kwenda nje: kwanza magunia yasogezwe na daftari lirekebishwe, ndipo usogeze ukuta, mwisho ukate kiwanja. Ukigeuza mpangilio huo ukuta unaangukia magunia. Mimi uliniangukia.

KOSA LANGU LA MWAKA 2022

Nilikuwa na seva yenye diski ya GB 100 na natumia GB 30 tu. Kila mwezi pesa inakatwa ya GB 100. Nikaona huu ni ujinga, ngoja nipunguze.

Ndani ya diski ile kulikuwa na rekodi za sauti za wazee wa delta. Nilizirekodi kwa simu, nikipanda boti Nyamisati kwenda Salale, Mbwera na vijiji vingine vya visiwani. Mzee mmoja alikuwa nahodha wa majahazi yaliyobeba boriti za mikoko, alinisimulia karibu saa mbili. Tulipomaliza akaniambia, "Mjukuu wangu, maneno haya yaweke mahali pa salama." Nikamjibu, "Nitayaweka mawinguni, babu." Akanitazama. "Mawinguni? Na mvua ikinyesha?" Tukacheka sana siku ile.

Basi nikafuata maelekezo niliyoyakuta mtandaoni, nusu nayaelewa nusu nabahatisha. Nikaifuta patisheni na kuitengeneza upya ikiwa ya GB 40, wakati mfumo wa mafaili ndani yake bado unajua una GB 100. Hesabu yangu ilikuwa kwamba natumia GB 30, kwa hiyo 40 inatosha na chenji inabaki. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mafaili hayapangwi kuanzia mwanzo wa diski kwenda mbele kama maji kwenye ndoo. ext4 inayatawanya. Faili moja linaweza kuwa GB ya 3, lingine GB ya 77. Ukikata kwenye 40, umekata katikati ya ghala na magunia yako pande zote mbili.

Nikawasha seva upya, haikurudi. Daah. Na bado hapo nilikuwa sijapoteza kitu! Hili nimelijua baadaye kabisa: kufuta patisheni kunafuta mstari unaosema ukuta uko wapi, data zenyewe bado zimelala chini yake. Kama ningerudisha ukuta mahali ulipokuwa, mwanzo uleule na mwisho uleule, kuna uwezekano mkubwa kila kitu kingefunguka. Mimi nikaendesha programu ya kukarabati mfumo wa mafaili, ile e2fsck. Ikaniambia wazi kwamba ukubwa wa mfumo na ukubwa wa patisheni haulingani, ikaniuliza isitishe? Nikajibu hapana. Kisha kila swali lililofuata nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesaini mkataba bila kusoma.

Kati ya rekodi 23 zilifunguka 9. Ya yule nahodha haimo. Kwenye simu nilishaifuta kwa sababu kadi ilikuwa imejaa. Mzee alifariki mwaka uliofuata.

MAFURIKO YA 2024 NA ORODHA YA KATIBU

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyopiga Rufiji na Kibiti mnayakumbuka. Watu walianza kunitumia picha kwa WhatsApp, nyumba zikiwa ndani ya maji mpaka madirishani, mashamba ambayo huwezi kujua kama yalikuwa mashamba. Kikundi kimoja cha wakulima kikaniomba niwawekee jedwali kwenye seva, waandike kaya kwa kaya: kijiji, ekari ngapi, mpunga au mahindi, nini kimeondoka. Kwetu kuhesabu kaya si jambo geni. Tangu 1998 kulikuwa na kazi ya ufuatiliaji wa kaya Rufiji, kwanza chini ya mradi wa TEHIP, baadaye Taasisi ya Afya Ifakara, na wahesabuji walikuwa wakipita kila baada ya miezi minne. Lakini orodha hii ya mafuriko haikuwa na nakala nyingine zaidi ya daftari moja la katibu, na daftari lenyewe lililowa.

Asubuhi moja katibu, mama wa makamo, akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona picha hazipandi tangu alfajiri? Na lile jedwali nikiandika linagoma kuhifadhi."

Nikaingia kwenye seva. Diski asilimia 100. Moyo ukafanya pa! Nikakumbuka zile rekodi 14.

Safari hii sikugusa kitufe. Kwanza nilitazama ni nini kimejaa.

df -h
df -i

Amri ya kwanza inaonyesha nafasi. Ya pili inaonyesha idadi ya mafaili ambayo mfumo unaweza kuyaandikisha, maana daftari la mtunza ghala nalo lina kurasa zenye mwisho. Ukiwa na vipicha vidogo laki kadhaa unaweza kuambiwa diski imejaa wakati nafasi ipo. Halafu nikatafuta folda nzito:

sudo du -xh / --max-depth=2 | sort -h | tail -20

Nikakuta kumbukumbu za mfumo zimekula GB 4 bure. Nikazipunguza kwa sudo journalctl --vacuum-size=200M, jedwali likaanza kuhifadhi tena. Ukiweza kupumua namna hii kabla ya kupanua, fanya, utanishukuru baadaye. Picha zenyewe lakini zilikuwa halali, kwa hiyo kupanua kulikuwa hakukwepeki.

NAKALA, NA KUIJARIBU HIYO NAKALA

Kabla ya yote nilitoa orodha ya wakulima peke yake kutoka kwenye hifadhidata na kuileta moja kwa moja kwenye kompyuta yangu, nikaiweka na kwenye flashi. Faili lenyewe dogo, halifiki hata ukubwa wa wimbo mmoja. Hii ni nakala ambayo iko nje ya wingu kabisa.

Halafu ndiyo ile nakala ya diski nzima, wenyewe wanaiita snapshoti. Ni picha ya diski ilivyo kwa wakati mmoja. Mambo mawili kuihusu. La kwanza, inapiga kilichoandikwa diskini tu. Kilichoko kwenye kumbukumbu ya seva, kinachosubiri kuandikwa, hakimo. Kwa hiyo nilisimamisha hifadhidata, nikaandika sync, nikapiga snapshoti, nikaiwasha tena. Watumiaji walikaa dakika chache bila huduma, hakuna aliyekufa. La pili, snapshoti inakaa kwenye akaunti ileile. Akaunti ikifungwa, tuseme kadi yako imekosa salio na wewe uko delta huna mtandao wiki mbili, diski na snapshoti vinaweza kwenda pamoja. Ndiyo maana ya ile flashi.

Nakala ambayo hujaifungua hujui kama ni nakala. Nilitengeneza diski mpya kutoka kwenye snapshoti, nikaiunganisha kwenye seva, nikaifungua kwa kusoma tu:

sudo mkdir -p /mnt/jaribio
sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt/jaribio

Jina la diski kwako linaweza kuwa tofauti, tazama kwa lsblk. Kama mfumo wako ni XFS itagoma, kwa sababu diski zote mbili zina kitambulisho kimoja. Hapo unaandika -o ro,nouuid. Nikafungua picha tano za tarehe tofauti, nikaangalia mafaili ya hifadhidata. Zote nzima. Nikaifunga kwa umount na kuiondoa kwenye seva. Muhimu sana hapo: usiwashe seva upya wakati nakala ya diski kuu bado imeunganishwa, maana kwa kuwa vitambulisho vinafanana seva inaweza kuamkia kwenye nakala badala ya diski yenyewe, ukaanza kuandika kwenye diski utakayoifuta kesho.

KUPANUA KWENYEWE

Mtandao wetu mnaujua. Mvua ikianza, au umeme ukikatika na mnara ukabaki na betri, unatupwa nje katikati ya amri. Kwa hiyo kitu cha kwanza ukishaingia kwenye seva andika tmux (au screen). Unakuwa kwenye chumba kinachobaki wazi hata wewe ukitolewa nje. Ukirudi unaandika tmux attach, unakuta kazi inaendelea pale pale ulipoiacha. Mimi sifanyi tena kazi ya diski bila hiyo, hata nikiwa Dar kwenye mtandao wa maana.

Kisha kitufe. Nikatoka GB 50 kwenda GB 80. Kwa nini si 200 nikae kwa raha? Kwa sababu ukishaongeza huwezi kurudi. Amazon, Google na Microsoft, wote wanakuruhusu kukuza diski hizi na hakuna anayekuruhusu kuipunguza. DigitalOcean hali kadhalika, na kwao ukipanua seva yenyewe pamoja na diski yake ndiyo basi, ila ukiongeza kumbukumbu na prosesa peke yake unaweza kurudi nyuma. Diski za kuongezea hapo DigitalOcean hutozwa senti 10 za dola kwa GB kwa mwezi, yaani GB 100 ni dola 10 kila mwezi uitumie usiitumie. Kwa mtu wa steshenari hiyo ni pesa. Ongeza ya miezi michache, ukifika mwisho utaongeza tena. Ila usiifanye kama mchezo, Amazon wana kikomo cha mara ngapi unaweza kubadili diski ileile ndani ya muda fulani, ukikosea namba leo huenda usiweze kurekebisha dakika hiyohiyo.

Kiwanja kimeongezeka. Tazama:

lsblk

Utaona diski, tuseme nvme0n1, ina GB 80, na chini yake patisheni nvme0n1p1 bado ina GB 50. Sasa sogeza ukuta:

sudo growpart /dev/nvme0n1 1

Kuna nafasi kati ya jina la diski na ile 1. Wengi wanaandika nvme0n1p1 kwa kuunganisha, inagoma, wanadhani imeharibika. Na uhakikishe namba ni ya patisheni yenye mafaili yako, maana seva nyingi zina vipatisheni vidogo vya kuwashia. growpart ikikosekana, kwenye Ubuntu na Debian iko ndani ya kifurushi cha cloud-guest-utils.

Hapa ndipo yule mdau wa Ikwiriri angekwama, na mimi ningekwama kama nisingefuta zile GB 4. growpart inahitaji kuandika kijifaili kidogo kwenye /tmp kabla ya kufanya kazi. Diski ikiwa imejaa kabisa haina pa kukiandika, inakwambia hakuna nafasi. Yaani huwezi kuongeza nafasi kwa sababu huna nafasi! Dawa ni kuiazima /tmp kwenye kumbukumbu ya seva kwa muda:

sudo mount -o size=10M,rw,nodev,nosuid -t tmpfs tmpfs /tmp

Endesha growpart, kisha sudo umount /tmp. Kwisha.

Limebaki daftari. Jua kwanza mfumo wako ni upi kwa df -T. Kama ni ext4:

sudo resize2fs /dev/nvme0n1p1

Kama ni XFS, hutaji patisheni, unataja mahali ilipofunguliwa:

sudo xfs_growfs -d /

Zote mbili zinafanya kazi huku seva iko hewani, sekunde chache tu. Andika df -h, nafasi mpya utaiona. Kuna seva ambazo diski ya kuongezea haina patisheni kabisa, mfumo wa mafaili umekaa juu ya diski moja kwa moja. Hapo growpart unairuka. Na kama seva inatumia LVM kuna ngazi zaidi katikati, baada ya patisheni unaandika pvresize halafu lvextend -r, ile -r inapanua na mfumo wa mafaili kwa mkupuo. Wenye diski kubwa wajue kwamba jedwali la patisheni la aina ya zamani, MBR, halivuki TB 2, mpaka uwe na GPT. Sidhani kama kuna mtu Kibiti ana tatizo hilo, lakini wasomaji wetu wako mpaka Muscat.

Seva nyingine zinapanua patisheni na mfumo wa mafaili zenyewe zikiwashwa upya. Kwa hiyo ukikuta nafasi imeshaongezeka bila wewe kufanya kitu, usiendelee na amri kwa sababu tu nimeziandika hapa.

NA KUPUNGUZA JE?

Usipunguze. Hama.

Kitaalamu ext4 inaweza kupunguzwa, ikiwa imefungwa, baada ya e2fsck -f, halafu resize2fs ukiitajia ukubwa mpya, halafu ndiyo patisheni, na patisheni ibaki kubwa kidogo kuliko mfumo ulioko ndani. XFS kwa kazi zetu hizi ichukulie kwamba haipungui kabisa. Na hata ukifanikiwa yote hayo, mwenye wingu hatakupunguzia diski, kwa hiyo bili haishuki hata senti! Mimi mwaka 2022 nilipoteza sauti ya mzee kwa ajili ya akiba ambayo isingekuwepo hata kama ningefanya kila kitu sawasawa. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo.

Njia ya kweli ni kununua diski ndogo mpya, kuiandaa, na kuhamisha mafaili kwa rsync -aHAX huku huduma inaendelea. Zoezi la kwanza linachukua muda. Kisha unasimamisha huduma, unarudia rsync ichukue yaliyobadilika tu, unabadilisha diski kwenye /etc/fstab kwa kutumia kitambulisho chake wala si jina la sdb au sdc, maana majina hayo yanaweza kubadilika seva ikiwaka. Ongeza neno nofail, andika sudo mount -a uone kama kuna kosa kabla ya kuwasha upya. Maelezo haya ni ya diski ya kuongezea. Kwa diski kuu inayowasha seva, rahisi zaidi ni kufungua seva mpya ndogo na kuhamia huko. Diski ya zamani ikae angalau wiki bila kuguswa.

MWISHO WA ILE ORODHA

Kazi yangu ile ilichukua kama saa mbili, moja na nusu ikiwa ni nakala na kuijaribu. Kupanua kwenyewe hakukufika dakika tano. Nikampigia katibu. "Mama, jaribu sasa." Akapandisha picha ya choo chake kilichobebwa na maji. "Imekubali mwanangu. Lakini usiitangaze hiyo ya choo."

Tarehe 4 Mei kikaja kimbunga Hidaya, tukapata picha nyingine nyingi, safari hii nafasi ipo. Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Seva ilikuwa nzima huko iliko, diski nzima, snapshoti nzima, ila siku ile mimi nilikuwa siifikii. Na ndizo siku katibu alizokuwa anataka orodha yake aipeleke ofisini. Nikachomeka flashi kwenye kompyuta ya steshenari, nikachapa kurasa 11, akaja kuzichukua kwa bodaboda, akaziweka kwenye mfuko wa plastiki mara mbili.

Snapshoti niliifuta baada ya wiki tatu, maana nayo inalipiwa. Ukishaona seva imewashwa upya angalau mara moja ikarudi salama, na mafaili ya kabla na baada ya kupanua yanafunguka, futa na ile diski ya majaribio, mimi niliisahau nikakatwa mwezi mzima.

Mdau wa Ikwiriri, kabla hujabonyeza tuandikie hapo kwenye maoni majibu ya lsblk na df -T, usiweke neno la siri wala anwani ya seva, tutazame pamoja.

Nawakilisha.